Kila Mbegu na Jina Lake

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya maghorofa ya Umbilo, mtaa wa Durban, Babu Salvator alikuwa ameshavaa buti zake za mpira na mjukuu wake alikuwa bado anakoroma. Babu hakuwa mtu wa kugonga milango. Alisimama tu mlangoni akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake iliyopasuka, na hakuna aliyewahi kuvumilia kulala mpaka ubeti wa pili.

"Nimeamka, Babu! Nimeamka, basi!" Mireille alilalamika chini ya shuka.

"Mungu asifiwe," Babu alisema. "Nilikuwa nakaribia kiitikio."

Mireille alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na babu yake na mama yake, Mama Goreth, ambaye alikuwa na saluni ndogo Umbilo Road. Kutoka kwenye flat yao walivuka barabara penye robot, yaani taa za barabarani, wakapanda kilima kidogo, wakafika kanisani. Nyuma ya kanisa ndiko kulikokuwa na shamba la Babu. Wengine wangeliita bustani. Babu aliliita shamba, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Alizaliwa mkulima, na alibaki mkulima hata alipokuwa hana pa kulima. Vita vilipofika kwenye kilima chao huko Rutana, Burundi, watu walikimbia na magodoro na masufuria. Jirani mmoja alikimbia na mlango. Babu alijaza mbegu za maharage ndani ya soksi, akaifunga fundo, akatembea mpaka Kigoma mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Kwenye kambi ya wakimbizi alizipanda. Alipofika Durban alilinda magari ya watu kwenye maegesho miaka mingi, amevaa kizibao cha kung'aa, na inasemekana aliyaombea hata hayo magari. Muda wote huo hakukosa ndoo ya udongo dirishani, ili mbegu zake zisife. Siku kanisa lilipompa kile kipande cha ardhi, kimejaa matofali na chupa, alipiga magoti juu ya zile takataka akashukuru nusu saa nzima.

Kilimo chake kilikuwa ibada. Kabla ya kufungua tuta alivua kofia akasali. Kisha, kwa kila mbegu aliyoidondosha shimoni, alitaja jina la mtu mmoja na kumwombea. Tumbili waliposhuka mitini kuiba, aliwaita wazee wa sadaka na kuwaachia tuta la mwisho.

Mireille alimpenda babu yake kama mtu anavyopenda kiti chake cha nyumbani: hakumfikiria sana, mpaka siku alipomkuta mwingine amekikalia.

Huyo mwingine aliitwa Ciza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili pia, mama yake alikuwa amefariki, na alikuwa ameletwa Durban na mjomba wake, Niyongabo, aliyefanya kazi kwenye maghala ya Clairwood. Jumamosi ya kwanza alikuja kutazama. Jumamosi ya pili alikuja na ndoo. Kufikia ya tano alikuwa akifika kabla ya Babu mwenyewe.

"Babu, maji niweke wapi?" Ciza aliuliza asubuhi moja.

Mireille aligeuka kama aliyechomwa na sindano. "Babu wa nani?"

"Babu... huyu."

"Huyu ni wangu. Wewe mwite Mzee Salvator."

Babu, ambaye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe lake, alicheka mpaka akakohoa. "Gawaneni taratibu, wanangu. Nyama yenyewe iko kidogo!"

Ciza alicheka. Mireille hakucheka. Alilima siku hiyo kwa hasira, na magugu yalikoma.

Mambo yaliharibika zaidi Jumapili moja ya mwanzo wa Septemba. Baada ya ibada Babu alisimama mbele ya watu na kopo la maziwa ya unga. Wote walilijua. Ndani yake, zikiwa zimechanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu, mlikuwa na zile mbegu za Rutana: nyeupe, za njano, nyeusi, za zambarau, zenye madoa, kila moja na rangi yake kama watu waliotoka harusini.

"Mwaka huu," Babu alisema, "tuta la mbegu litakuwa la Ciza. Yeye ndiye atakayelitunza, na tutakachovuna hapo ndicho tutakachopanda mwakani."

Watu walipiga makofi. Mireille naye alipiga, maana mama yake alikuwa anamtazama, lakini alipiga kama mtu anayeua mbu.

Kopo lilirudi nyumbani kusubiri Jumamosi, likawekwa juu ya friji. Kwa siku nne Mireille hakuona kitu kingine katika flat ile. Alikula akilitazama. Alifanya hesabu za shule akilitazama. Siku ya tano, Mama akiwa saluni na Babu akiwa kwenye maombi ya mchana, alipanda juu ya kiti. Alizimwaga mbegu kwenye chekeche, akazipepeta majivu, akazitia katika mfuko wa plastiki na kuusukuma chini ya kitanda chake, nyuma ya viatu vya shule. Ndani ya kopo alijaza maharage ya dukani yaliyokuwa jikoni, akarudisha majivu, akalitikisa vizuri. Yote yakawa ya kijivu.

Hakukusudia kuziiba, alijiambia. Alitaka tu tuta la Ciza liwe tuta la kawaida kama la mtu yeyote.

Jumamosi ikafika. Babu alivua kofia, akasali, akatia mkono ndani ya kopo. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hivyo alifanya kazi zaidi kwa vidole. Aliitoa mbegu ya kwanza, akaigeuza. Akaigeuza tena. Akanyamaza muda mrefu kidogo.

"Mireille," akasema polepole, akaidondosha shimoni.

Kisha akaendelea. Akamtaja Goreth, akamtaja mchungaji, akawataja marehemu na wagonjwa. Mireille alikuwa ameinama kwenye tuta la pili, masikio yamesimama, na alikuwa anahesabu. Tuta lilipofika mwisho, jina la Mireille lilikuwa limetajwa mara moja. La Ciza, mara mbili.

Usiku huo alilala juu ya zile mbegu na hakuona kosa lolote.

Wiki mbili zilipita. Babu alipoimba asubuhi, Mireille alisema kichwa kinamuuma. Alipoitwa wakae pamoja wasome Zaburi, alisema ana kazi ya shule. Babu hakumlazimisha. Alisimama tu mlangoni, kila siku, kama mtu anayengoja kuletewa kitu, kisha akaenda zake.

Alhamisi moja alasiri, Armel, Mkongo aliyetunza jengo la kanisa, alimwona Babu amepiga magoti kwenye kichwa cha tuta, kofia iko kando, kipaji kimegusa udongo. Armel alikuwa na swali kuhusu bomba. Akasimama kwa adabu, akangoja mzee amalize. Alingoja sana. Ndipo akasogea, akamgusa bega, na kumbe Babu Salvator alikuwa ameshamaliza.

Watu walijaa kwenye flat mpaka kwenye ngazi. Walikuja madereva wa malori kutoka Clairwood, walikuja vijana wa chuo kutoka Westville, alikuja hata mwenye gari mmoja aliyelindiwa gari lake miaka tisa. Kwa desturi ya kwao Burundi, hakuna aliyeshika jembe siku zile za kilio. Magugu yaliota kwa raha zao. Baada ya mazishi wazee walipanga kwamba matanga makubwa yavunjwe Desemba, maharage yakikauka, na kila familia ipewe konzi moja ya mbegu za mzee ikapande nyumbani kwake. Hivyo Babu angeendelea kulimwa Durban nzima.

Mireille alisikia mpango huo akiwa ameketi kitandani. Aliinua miguu kutoka sakafuni, kana kwamba kulikuwa na nyoka chini ya kitanda.

Miezi ile Ciza alilitunza tuta kama mtoto mchanga. Aliwafukuza tumbili kwa kupiga sufuria. Na Desemba ikafika.

Watu walikusanyika nyuma ya kanisa, wamevaa nguo nyeupe. Mama Estella, mkuu wa akina mama, alitandika mkeka. Ciza akaleta beseni la maganda makavu, anatabasamu mpaka fizi. Mama Estella akapasua ganda la kwanza. La pili. La kumi. Yote yalikuwa ya aina moja: ya kahawia, yenye madoa mekundu.

"Meupe yako wapi?" aliuliza. "Ya zambarau yako wapi?"

Armel aliinama akachukua moja. "Haya iko ya dukani, Mama. Hata mimi nilikula jana."

Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakageukia kwa Ciza.

"Mtoto, mbegu za mzee umezipeleka wapi?"

"Nilipanda zilizokuwa kwenye kopo," Ciza alisema. Tabasamu lilikuwa limeanguka. "Babu mwenyewe alipanda. Mimi nilimwagilia tu!"

"Marehemu hawezi kuulizwa," mtu alinong'ona, lakini alinong'ona kwa sauti.

Niyongabo alisimama. Alikuwa mtu mpole, na aibu ilimfanya mkali. "Twende nyumbani. Na hapa hutakanyaga tena. Watu wamekupokea kama mtoto wao, na wewe unawalipa hivi? Twende!"

Hicho ndicho Mireille alichokuwa akikitaka tangu siku ya ndoo ya kwanza: Ciza aondoke. Sasa Ciza alikuwa anaondoka kweli, anavutwa mkono, hata kulia hawezi, amelikumbatia lile beseni kifuani. Mireille alingoja furaha ije. Haikuja.

"Mjomba, mwache!" sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni mimi. Nilizibadilisha mimi. Ziko chini ya kitanda changu."

Mama Goreth alimtazama binti yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Hakumpiga, hakupiga kelele. "Nenda kazilete," akasema.

Mireille alikimbia mpaka akasahau kuangalia robot, akapigiwa honi. Alirudi na mfuko. Mama Estella alipoufungua, watu wa mbele walirudi nyuma kwa harufu. Joto la Durban na plastiki bila majivu vilikuwa vimefanya kazi yao. Mbegu nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Nyingine zimetobolewa na fukusi, nyepesi kama maganda.

"Eish," alisema Armel.

"Nisamehe, Ciza," Mireille alisema, machozi yanadondoka. "Alikupa kopo. Halafu alikutaja mara mbili, mimi mara moja."

Ciza alimkodolea macho. "Kwani ulikuwa unahesabu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nachimba mashimo!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, hata Niyongabo akauachia mkono wa Ciza, akamwomba msamaha mbele ya wote. Halafu wasichana wawili wakaketi kwenye mkeka kuchambua mfuko ule, harage moja moja. Kufikia saa tisa walikuwa na mbegu nzima thelathini na nne.

Mama Goreth aliketi karibu na binti yake, akaanza kusaidia.

"Nilimuuliza babu yako kwa nini kopo alimpa Ciza," alisema. "Akaniambia, Mireille ana mimi. Huyu mwingine hana hata harage."

Mireille aliuma midomo. "Alikufa hajui nilichofanya."

"Hajui?" Mama alitingisha kichwa. "Mtu ameshika maharage miaka sitini, ashindwe kulijua la dukani? Macho yalikuwa yameharibika, vidole havikuwa na kasoro. Mbegu ya kwanza kabisa alimtaja nani?"

Mireille alikumbuka lile harage likigeuzwa vidoleni, na kile kimya. "Mimi."

"Basi alikwambia. Alikuwa anakungoja uende kwake." Mama aliweka harage la njano kwenye rundo la mbegu nzima. "Sikia, mwanangu. Wivu ulikuambia kwamba Ciza amekuchukulia babu. Hakuna aliyekuchukulia. Alisimama mlangoni pako kila asubuhi, wiki mbili, ukajifanya unaumwa kichwa. Siku zile ulijinyima mwenyewe. Ukiona mwenzio amependwa, usikae kuhesabu alichopewa. Nenda ukakae na anayekupenda, na ukikosea sema mapema, kabla kosa halijaota ukungu."

Mbegu thelathini na nne hazikutosha kugawiwa familia zote. Wazee wakakubaliana zipandwe palepale, tuta moja, la wasichana wote wawili, na konzi zingoje mavuno. Ciza alichimba. Mireille alivua viatu, akapiga magoti, akaanza kudondosha.

"Babu," alisema kwa mbegu ya kwanza. "Mama. Mjomba Niyongabo. Armel." Akamtupia jicho mwenzake. "Ciza."

Akachukua inayofuata, ya zambarau. "Ciza."

Ciza aliinua kichwa kutoka shimoni. "Mbona mimi mara mbili?"

"Usihesabu," alisema Mireille. "Chimba."