Gari Lisilothubutu Kusimama

Gari lilizimika mchana katikati ya stendi ya teksi mbele ya soko, mahali ambapo hata kuku akisimama hupigiwa honi. Mwenye gari akashuka: mwanamke mwenye kilemba chekundu na shati la kiume lililokunjwa mikono hadi viwikoni. Pale stendi walimwita Usukani, maana hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha teksi, na wanaume waliomcheka mwanzoni sasa walimpisha kwenye kona.

"Dada, ukilitukana haliwaki," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa fundi umeme wa magari kutoka gereji ya ng'ambo ya barabara. Ovaroli yake ilikuwa imechakaa magotini, na waya wa kupimia umening'inia shingoni kama mkufu. Wenzake walimwita Cheche.

"Nani analitukana?"

"Midomo yako inacheza."

"Naomba dua."

"Basi dua yako ina matusi ndani."

Usukani akacheka bila kutaka. Cheche akafungua boneti, akagusa betri hapa na pale, akanyanyua uso. "Umelitwika nini hili gari?"

Usukani akamwonyesha kiti cha nyuma. Palikuwa na mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, mali ya baba yake, aliyeitegemea kila kifua kilipombana. Mzee huyo alisaga mawe kiwanda cha saruji ujana wake wote, wakubwa wakipita na vitambaa puani, wafanyakazi wakipita na pua zao tu. Vumbi lile sasa lilikuwa limejenga ukuta ndani ya mapafu. Na mtaani kwao umeme ulikatwa kila waliokaa na swichi walipojisikia, huku kilimani kwa wenyewe taa za getini zikiwaka mpaka jua linazikuta. Umeme ukienda, Usukani alimbeba baba yake hadi garini na kuchomeka mashine kule.

"Alteneta yako ndogo," Cheche alisema. "Yenyewe ndiyo inayotengeneza umeme injini ikizunguka, na hii ilitengenezewa taa na redio. Mashine hii ni gunia kwa mtoto mchanga. Betri nayo inakamuliwa hadi tone la mwisho."

"Sasa nifanyeje?"

"Tufunge alteneta kubwa. Waya mnene, maana wa zamani utaungua. Na betri ya pili, ya mashine peke yake, ili hii ya kwanza isikose nguvu ya kuwashia gari. Hapo mzee atapumua."

"Unasema kama unaniazima mapafu."

"Ningekuwa nayo ya akiba, ningekuletea kwenye mfuko."

Kufunga hakukuchukua muda. Kilichochukua muda ni kujaribu, na hapo ndipo palipoharibika. Kila jioni kazi ikiisha, Cheche alipanda mbele, mashine ikawashwa nyuma, wakazunguka mji: barabara ya reli, uwanja wa mpira, daraja, na kurudi. Alikuwa amebandika kipimo kidogo cha umeme kwenye dashibodi, lakini macho yake hayakukaa hapo.

"Kipimo kiko huku, fundi."

"Nakiona."

"Shingo yangu haina betri."

"Umewahi kuipima?"

Usukani akaanza kuja na gauni la kijani na hereni, mtu wa kwenda kujaribu alteneta. Cheche akaanza kunawa mikono kwa mchanga na sabuni mpaka kucha zikabadilika rangi. Kipimo kilisoma vizuri kila jioni, na kila jioni walikubaliana wajaribu tena kesho. Usukani akifika nyumbani, simu ililia.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Unafanya nini?"

"Nafua ovaroli. Maji yamekuwa meusi kama bahati yangu."

"Koma. Bahati yako iko hapa, inamkanda baba miguu."

"Mwambie mzee namsalimu."

"Anasema salamu hazipumuliki."

Asubuhi moja umeme ukakatika, kifua cha baba kimebana. Usukani hakuhofu. Alimbeba baba yake, akamlaza kiti cha nyuma, akawasha gari hapo hapo mlangoni, akachomeka mashine, akamwekea mpira wa hewa puani. Injini iliunguruma taratibu. Baba akafumba macho.

Haikufika adhuhuri, mashine ikalia mlio mwembamba na kuzima.

Aliyewahi kukaa kando ya mtu wake akiingoja pumzi inayofuata hahitaji kusimuliwa. Asiyewahi, heri yake. Midomo ya mzee ilibadilika rangi. Usukani akapiga simu kwa Cheche. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Mwisho akairusha simu chini, akashika usukani, akakimbilia hospitali.

Cheche hakuwa amemdharau. Tajiri wa gereji alikuwa na sheria yake: saa za kazi, simu za mafundi hukaa ndani ya droo yake, na kufuli juu, eti simu huiba muda. Muda wa nani, hakusema.

Hospitalini walimpa mzee hewa ya mtungi hadi kesho yake, kisha daktari mkuu akasema vitanda vimejaa na mashine wanayo nyumbani. Usukani akamrudisha nyumbani, ambako umeme ulikuwa umerudi, akaenda moja kwa moja gereji. Kilemba hakuwa nacho, na gauni la kijani lilikuwa na jasho la siku mbili.

"Nilikupigia baba yangu akikata roho."

"Simu zinafungiwa, mpenzi, nilikwambia..."

"Usiniite hivyo. Ulinifungia takataka. Imezima nikiwa mlangoni, halafu nikiwa njiani kwa mwendo mkali ikawaka yenyewe, kama inanicheka."

Spana ikamtoka Cheche mkononi. "Ilizima ukiwa umesimama?"

"Nimesema nini mimi?"

Akaelewa yote kwa mara moja. Jioni zile zote wamejaribu gari likitembea, maana waliitaka safari. Hata mara moja hawakukaa wamesimama. Gari likisimama injini huzunguka polepole, alteneta nayo hulegea, na mashine huendelea kuinywa betri mpaka ikauke.

"Nisikilize, kosa ni..."

Alikuwa ameshaondoka. Cheche akamwomba tajiri ruhusa.

"Leo una magari matatu," tajiri alisema. "Mwambie alilete wiki ijayo."

"Kuna mtu hapumui, bosi."

"Ukitoka hapo getini, usirudi."

Cheche akachukua puli ndogo, kigurudumu cha kuzungushia alteneta, mkanda mfupi na spana zake, akatoka. Simu ikabaki kwenye droo.

Alipofika mtaani kwa Usukani, umeme ulikuwa umekatika tena. Mlangoni gari hakuna. Akalisikia kabla ya kuliona: lilitokea kwenye kona, likazunguka mtaa, mzee amelala nyuma na mpira puani. Usukani alikuwa amejifunza mwenyewe kwamba likisimama, baba anakufa.

"Simama!" Cheche aliita.

"Sisimami!" Likapita.

Akangoja pale pale. Likazunguka tena.

"Kosa ni langu! Tulijaribu tukitembea tu!"

"Mimi nilijua? Fundi nani?" Likapita.

Mzunguko uliofuata alikuwa analia, kioo kimeshushwa. "Ulikuwa unaniangalia shingo!"

"Ndiyo! Nina puli ya kuizungusha alteneta haraka, hata ukisimama. Nipe muda kidogo tu!"

Likapita. Liliporudi lilikuwa limepunguza mwendo, na taa nyekundu ya mafuta ilikuwa imewaka. Lingesimama tu, atake asitake. Usukani akalisimamisha.

"Nizime?"

"Zima. Betri imejaa, itambeba."

"Ikikataa?"

Cheche alikuwa ameshashika spana. Boneti ilikuwa imeshafunguka. Usukani alikaa nyuma, mkono wa baba mapajani, akitazama kipimo kikishuka. Mbele kulisikika chuma, pumzi na laana. Bolti iligoma. Cheche akaing'ang'ania mpaka ngozi ya vidole ikabaki pale. Ikalegea.

"Washa!"

Injini ikashika. Kipimo kikatetereka, kikapanda, kikakaa. Gari limesimama na mashine inapumua.

Mzee akasogeza mpira. "Wewe ndiye uliyetaka kuniua jana?"

"Ndiye, mzee."

"Na leo je?"

"Leo nimefukuzwa kazi."

"Afadhali. Utakuwa na muda wa kumaliza kazi yako." Akafumba macho.

Usukani alishuka. Akavishika vidole vyenye damu, akavifunga kwa ncha ya gauni. Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme, na hakuna aliyejua utarudi lini.

"Mafuta yanaisha," alisema.

"Kituo cha kule juu wana jenereta. Nipe dumu."

Akampa. Cheche akaanza kukimbia.

"Rudi haraka, mume wangu!"

Hata yeye alishtuka. Cheche aligeuka nusu, akajikwaa, akaendelea kukimbia.

Ndani ya gari baba akafumbua jicho moja. "Umemwitaje?"

"Nimemwita arudi, baba."