Mashuka Mapya ya Hoteli Pumzika

Jumanne, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, mwanamke ambaye hakuna aliyemtarajia alishuka kwenye pikipiki mbele ya Hoteli Pumzika, Kolwezi. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Rachelle wa mapokezi hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

“Chumba ya sita, mama. Maji hayiko. Itakuya.”

Baada ya dakika tano mgeni alirudi.

“Pumzika ya Likasi, bei ni ile ile, nililala juu ya mashuka meupe. Hapa kwa nini ni ya viraka?”

“Mapya baliiba. Uliza Mama Ndaya, yeye njo eko na ufunguo ya stoo.”

Hapo mgeni alitoa kitambulisho: Charlotte Ngalula, mkaguzi wa hoteli zote tatu za Pumzika. Rachelle alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

Wiki tatu zilizopita makao makuu ya Lubumbashi yalikuwa yametuma Kolwezi jozi ishirini za mashuka mapya. Siku kumi zilizopita msimamizi wa hapo, Mzee Mukuna, au Tata Mukuna kama walivyomwita, aliandika kwamba yameibwa.

Ngalula alimkuta Ndaya, mkuu wa wasafishaji, akikunja taulo.

“Tata Mukuna alisoma jina yangu mbele ya bote, mu mukutano ya asubuhi,” Ndaya alisema. “Hakusema ‘mwizi’. Alisema ‘mwenye ufunguo’. Bote baliniangalia. Ijumaa hii batanifukuza.”

“Uliyachukua?”

“Mi niko na batoto bane na heshima moja. Sikuchukua.”

“Kama si wewe, nitasema mbele ya hao hao, mahali pale pale. Naahidi.”

“Bakubwa banaahidi sana,” Ndaya alijibu, bila hasira.

Kufuli ya stoo haikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: wa Ndaya na wa Mukuna. Mlinzi naye alisema alimwona dobi, Tata Kankolongo, Jumamosi ile ya barua ya wizi akitoka na mzigo mkubwa.

“Nilibeba, ndiyo,” Kankolongo alicheka. “Hapa maji inakatika, njo maana ninafulia kwangu. Mama, mwizi gani atapita mchana na mzigo juu ya kichwa, anasalimia mulinzi?”

Ngalula alikwenda hadi uani kwake. Kambani yalining’inia mashuka kumi na nane, yote ya viraka. Daftari la dobi lilionyesha kuwa hata Jumamosi ile alichukua ya zamani tu.

Saa nne na nusu alirudi, akapita ukumbini taratibu. Vumbi la malori ya mgodi wa Mashamba lilikuwa limeingia kote. Kwenye kila kizingiti ungeweza kuandika jina kwa kidole. Isipokuwa chumba namba kumi na mbili. Mlangoni palibandikwa karatasi: “Matengenezo”. Chini ya mlango kulikuwa na kitambaa kilichobanwa. Ngalula aliinama, akakikamua. Maji yakadondoka.

“Rachelle, wanatengeneza nini humu?”

“Banapaka rangi, mama. Wiki tatu sasa.”

“Fundi ni nani?”

Rachelle alifikiri. “Sijamuona bado.”

“Ndaya anapiga deki humu?”

“Hapana, Tata Mukuna alikataza. Yeye mwenyewe anaingia asubuhi na ndoo yake.”

Mukuna aliitwa. Alikuwa mwanaume mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri.

“Tata, ni nani analowanisha kitambaa kila siku ili vumbi lisiingie kwa fundi asiyekuwepo?”

Mukuna alitazama kitambaa, akamtazama Ndaya, aliyekuwa amesogea na taulo zake, kisha akafungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa mashuka meupe, sabuni mpya mezani. Jozi nyingine kumi na tisa zilikuwa juu ya kabati, bado ndani ya nailoni.

“Nilikuwa ninakungojea weye, mama,” alisema kwa sauti ndogo. “Mwaka jana mukaguzi wa zamani alikuta mashuka mekundu, akafukuza musimamizi siku ile ile. Na vumbi hii, wiki mbili tu, shuka inakuwa sawa matofali. Nikasema, haya ni ya mukaguzi. Nilingojea gari na mutu wa tai. Sikujua utakuya na pikipiki.”

“Na wizi?”

“Bateja balilia, Lubumbashi wakauliza mashuka iko wapi. Nikaogopa, nikaandika baliiba. Sikutaka kumutia Ndaya mu matata. Lakini uongo ulitafuta mutu.”

Ngalula alikaa ukingoni mwa kitanda. “Mama yangu pia alificha sahani nzuri za wageni. Sisi tulikula kwenye bati hadi tukakua. Lakini hapa, tata, mgeni ni yule aliye mlangoni leo. Utayatandika yote, kwa mikono yako. Nami nitaandika ukweli wote, hata woga wako. Nitaomba wasikufukuze.”

Basi la Lubumbashi lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Kesho yake, saa nne asubuhi, binti wa Ngalula, Abigaëlle, alikuwa anatetea tasnifu yake chuoni huko. Lakini zamu zote mbili hukutana asubuhi tu, saa moja.

“Wende, mama,” Rachelle alisema. “Nitabaambia miye.”

Ndaya aliendelea kukunja taulo.

Ngalula alipiga simu. “Abi, sitafika.”

“Ulisema utajaribu,” binti alijibu. “Basi.”

Jumatano, saa moja asubuhi, wafanyakazi walisimama uani. Mukuna alikiri kwanza, macho chini. Kisha Ngalula akasoma ripoti yake: “Ndaya hakuchukua kitu chochote. Alisingiziwa.” Ndaya alishika mdomo kwa mikono miwili.

Tata Kankolongo, aliyekuwepo pia siku jina la Ndaya liliposomwa, ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini, mzigo kichwani. Ngalula alimngoja aushushe, kisha akasoma tena tangu mwanzo.