Trakta Iliyotolewa Ziwani

Jioni Alphonse Wilondja aliiacha trakta ikiangalia ukuta. Asubuhi aliikuta inaangalia mlango.

Aliizunguka, akatafuta alama za viatu mchangani. Hakuna. Labda askari walikuja kuichezea, alijiambia, maana askari na vitu vya watu ni chanda na pete. Lakini alikuwa fundi, na ufundi wake ulikataa uongo huo. Trakta ile ndogo, aliyoileta pasta mzungu zamani kwa kukata majani ya misheni, haikuwa na gia. Ndani ya giaboksi yake mlikuwa na pampu na mafuta. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma magurudumu, basi. Injini ikizimwa, mafuta yanasimama na magurudumu yanakaza, hata wanaume wa kijiji kizima wasiisogeze, isipokuwa uvute kishikio kidogo cha nyuma kinachoyafungua. Aliinama kukitazama. Kilikuwa kimegandishwa na kutu.

Aliogopa, kisha akaona aibu kuogopa, kisha akachukua spana. Nafasi ya kuogopa hakuwa nayo. Godelieve, mke wake, alikuwa mikononi mwa Komanda Darius.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Waasi walikuwa wameshika mji wa Baraka, kando ya ziwa, na Komanda alikuwa amejigawia nyumba ya misheni. Alitaka uwanja wa mbele yake ukatwe majani ili ndege yake itue. Trakta hiyo, askari waliokimbia vita ya kwanza waliisukuma ziwani ili adui asiipate, ikalala humo miaka mitatu, mpaka Komanda alipowalazimisha wavuvi wa kijiji cha Swima kuikokota nje. Siku hiyohiyo alimchukua Godelieve akawapikie askari wake.

"Mashine ikitembea, muke yako anarudia," alisema, huku anatafuna ndagala, dagaa wa ziwani. "Isipotembea, usimungoje."

Mtoto wao Shukuru, Mungu ashukuriwe, alikuwa ameshavuka kwenda Kigoma na bibi yake.

Alphonse alipofungua nati ya chini, yalitoka mafuta meupe kama chai ya maziwa. Maji ya ziwa yalikuwa yamechanganyika nayo mpaka huwezi kuyatenga. Pistoni, ndogo kama vidole vya mtoto, zilikuwa zimechubuliwa na mchanga. Alizisugua kwa majivu na kitambaa mpaka kucha zikauma. Kwa haki, ilikuwa kazi ya kutupa. Pistoni zilizochubuka hazishiki mafuta. Yakipata moto tu yanapita pembeni, na trakta inakosa nguvu hata ya kupanda kichuguu.

Na mafuta mengine hayakuwepo, Baraka nzima ilikuwa imeporwa. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wakati wa vita: akayachemsha yaleyale ili maji yatoke. Alitumia sufuria ya Godelieve ya bugali, maana vyombo vingine askari walishabeba.

Jua likiwa kali utosini, sufuria ikaanza kupumua. Mwanzoni alidhani ni mchemko. Lakini mchemko hauna mpango, unapasuka ovyo. Huu ulivuta, ukakaa, ukatoa, ukavuta tena, na harufu iliyopanda haikuwa ya mafuta yanayoungua bali ya ziwa la chini kabisa, tope na samaki waliooza, na katikati ya uvundo huo kitu kitamu kama mafuta ya nywele. Alizima moto kwa mchanga, na pumzi zikaendelea. Akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akaketi mbali mgongo ukiwa ukutani, na kifuniko kikawa kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka, mpaka jua likatua. Kesho yake mafuta yalikuwa safi, rangi ya asali. Alitia kidole. Yalikuwa na joto la kwapani.

Bibi Kulthumu, mzee wa familia za Kiislamu za pale ufukweni, aliyejulikana kwa kutoa majini, alikuwa anapita njiani. Alisimama ghafla, akaziba pua kwa mtandio. Hakuingia uani.

"Fundi, unapika nini mule?"

"Mafuta ya mashine, Bibi."

"Ile ya mu ziwa? Maji yake, baliyamwaga ku mchanga mbele ya kuileta huku?"

"Hapana, Bibi. Baaskari balibeba vilevile."

Mzee akashusha sauti. Kila mvuvi wa pale anajua: kitu kisicho samaki kikitoka ziwani, maji yake humwagwa palepale ufukweni, kisije kikaingia mjini pamoja na jini mwenye maji hayo.

"Na wewe ukayapika," alisema. "Maji ilienda, mwenye maji alibakia. Sasa iko mu mafuta. Yamwage, mutoto yangu. Yamwage leo, irudie kwao."

"Nikiyamwaga, mashine haitembei. Na Godelieve yangu?"

"Jini ikikubeba, inakupeleka kwenye yenyewe inaenda. Haikupeleke kwenye wewe unaenda."

Alphonse alimshukuru kwa heshima, akangoja apotee kwenye kona, akayamimina mafuta kwenye giaboksi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Trakta iliwaka. Alikanyaga pedali, ikaenda. Akakanyaga kwa nyuma, ikarudi. Aliipandisha mlima ulio nyuma ya soko, giaboksi ikiwa na moto wa kuunguza kiganja, nayo ikapanda bila kusita. Alijua fika kwamba ile si kazi ya mikono yake. Alifurahi hivyohivyo, alilia kwa furaha, na akasema kwa sauti, "Hata ukiwa nani, sukuma tu."

Komanda Darius aliizunguka trakta pale misheni, mikono mgongoni. Fundi alikuwa amesahau jambo moja: mtu muovu huwaza kwamba kila mtu ana uovu kama wake.

"Fundi, na kama umeficha bombe mule?"

"Hakuna, Komanda. Naapa. Mi mwenyewe nitapanda."

"Wewe unajua fasi bombe iko." Akacheka. "Muite ule mama. Mama ndiye atapanda."

Godelieve akatolewa jikoni. Alikuwa amekonda, mikono imejaa majivu, jicho moja limevimba. Alimtazama mume wake. Hapo ndipo Alphonse alipopaswa kusema. Lakini kusema kwamba mashine ina jini ni kusema kwamba haijapona, na mashine isiyopona, malipo yake yalikuwa yameshatajwa. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti.

"Baba Shukuru, iko muzuri?" mkewe alinong'ona.

"Iko muzuri. Ukitoa muguu, itasimama."

Godelieve alikata mstari mmoja wa majani, ulionyooka, askari wakapiga makofi, naye akatabasamu kidogo, akatoa mguu kwenye pedali. Trakta haikusimama. Ilikata kona polepole, usukani ukizunguka mikononi mwake bila yeye kuuzungusha, ikaelekea ziwani, na askari wakazidi kucheka kwa kudhani mama hajui kuendesha, na Alphonse akakimbia, akaifikia, akaung'oa waya wa plagi kwa mkono mtupu, umeme ukampiga, injini ikafa, pakawa kimya, na katika kimya kile magurudumu yaliyopaswa kukaza yaliendelea kuzunguka, laini, bila haraka, huku Godelieve akijipiga mapaja na kulia, "Miguu inakataa, Baba Shukuru, kuna mwenye anaishika," na mumewe akimvuta mabega, akamvuta mpaka akasikia bega linateguka, maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, yakafika mdomoni, na vidole vya Alphonse ndivyo vilivyoachia kwanza.

Komanda alitazama mapovu mpaka yakaisha.

"Basi," alisema. "Bafungwa batakata na panga."

Na kweli walikata kwa panga, na kabla ya jioni uwanja ulikuwa mweupe. Trakta haikuhitajika hata kidogo. Wiki hiyohiyo Komanda aliitwa vitani Minembwe, akapanda milimani na watu wake wote, na sidhani kama alilijua hata jina la fundi.

Wavuvi walimtafuta Godelieve kwa nyavu na ndoano. Walipata trakta, kiti kitupu. Safari hii walitaka kuyamwaga maji yake palepale, lakini Alphonse aliwasihi wamwachie ayatoe kwa mkono wake. Akakinga ndoo, akafungua nati. Mafuta yalishuka meupe, ndoo ikajaa, na kutoka ndani ya ndoo sauti ikasema, "Baba Shukuru."

Wavuvi wakatawanyika. Mmoja alikimbia moja kwa moja kwa Bibi Kulthumu, naye akaja na tasbihi yake, anahema.

"Itakuongelesha na sauti ya marehemu," alimwambia. "Ndiyo ujanja yake. Usijibu kitu. Enda, uyamwage kwenye maji inaanzia. Mi nitasoma."

Alifunga macho, akaziba masikio kwa viganja, akaanza kusoma kwa sauti kubwa. Alphonse akabeba ndoo.

"Baba Shukuru," sauti ilisema, ndogo, karibu na mkono wake. "Huku iko baridi. Nimejishikilia kwa nguvu. Usinimwage. Nakuomba."

Alitua ndoo ukingoni mwa maji. Lakini kitu hiki kilishamdanganya mara moja, kikamfanya amdanganye na mkewe, naye alikichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote duniani. Aliinamisha ndoo.

"Nakuomba, Baba Shu..."

Meupe yakatandaa juu ya maji, na sauti ikakatika. Uvundo ukaondoka palepale. Trakta ikabaki chuma tu, chuma kibovu chenye kutu.

Bibi Kulthumu alifungua masikio, akanusa hewa, akatabasamu.

"Imeenda. Alhamdulillahi. Ilikuambia nini?"

"Iliniomba nisiimwage, Bibi."

"Ilikuomba?"

"Iliniomba. Ilisema nakuomba."

Tabasamu la mzee lilikufa polepole. Alisema kabla hajafikiri, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Majini natoa tangu niko musichana. Inatukanaka. Inatishaka. Inaamurishaka. Hata moja haijaombaka mutu."

Alphonse alimtazama. Kisha akaingia ziwani mpaka magotini, akaanza kuyachota yale meupe kwa viganja, akiyarudisha kwenye ndoo.