Mchumba Wangu Alichoma Tairi Ndani ya Tanuri Langu

Jamani, kufumania kupo kwa aina nyingi.

Wenzangu huwafumania wachumba zao na mashangazi, na marafiki, na dada wa kazi...

Mimi wangu nilimfumania na tairi!

Ndiyo, umesoma vizuri. Tairi la pikipiki.

Ilikuwa alfajiri, hapa Katonga, Kigoma. Nimetoka kuchukua samaki kwa wavuvi, beseni kichwani, nawaza harusi yangu. Nafika kwenye tanuri langu la kubanikia migebuka, naona moshi. Mweusi tii! Unapanda kama una kesi na Mungu.

Mbele ya tanuri amechuchumaa mtu, kajifunga kitambaa puani, kisu mkononi, anakata kitu vipande vipande na kukitupia motoni.

"Elikana?!"

Akashtuka, akainuka haraka, akagonga kichwa kwenye bati la kibanda. Pwaa!

"Roza... tulia kwanza..."

"Nitulie? Huyo mgebuka gani mwenye kashata za tairi la pikipiki?"

"Roza, punguza sauti, watu wataamka."

"Si waamke! Waje waone shemeji yao anavyopika!"

Naomba niwaeleze kidogo kabla hamjaanza kunipigia simu za pole.

Mimi naitwa Rozalia. Nabanika migebuka na dagaa tangu baba watoto wa kwanza aliponikimbia akaniachia mtoto na deni la duka. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, nikawasha jiko. Hapa tupo wanawake wengi, matanuri yamepangana hadi kule ufukweni. Ndiyo maisha yetu.

Juu yetu, mlimani kidogo, kuna kiwanda cha mafuta ya mawese na sabuni. Jina sikitaji, nisije nikatafutwa. Sisi tunakiita Bomba, kwa sababu ya lile bomba lake la moshi.

Zamani Bomba walikuwa wanachemshia mafuta kwa makapi ya mawese yenyewe. Moshi wake tuliuzoea. Kisha akaja bosi mpya kutoka Dar, Bosi Erasto. Moshi ukabadilika. Ukawa mzito, una harufu ya mpira, ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua shuka la msiba. Binti yangu Happiness akaanza kukohoa mpaka anakaa kitandani kama bibi wa miaka tisini.

Tukalalamika.

Bosi Erasto akajibu: "Moshi ni wa hao akina mama na samaki wao. Wavunjiwe matanuri, mji utapumua."

Wavunjiwe matanuri!

Basi mradi mmoja wa kupima hewa mijini ukamleta dada mtaalamu anaitwa Yasmini, mwembamba, mpole, miwani mikubwa. Akafunga vifaa vidogo vyeupe sehemu mbalimbali. Kimoja kwenye ukuta wangu, juu ya tanuri. Kina taa. Kijani, hewa safi. Njano, angalia. Nyekundu, mapafu yako yanalia.

Na sasa chini ya kifaa hicho hicho, mwanaume aliyetakiwa kuleta mahari kwetu Jumamosi ile, naye ni mfanyakazi wa Bomba, anachoma tairi.

Mmeelewa mchezo? Taa iwake nyekundu kwangu, isemwe ni migebuka.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

Akaficha kisu nyuma.

"Elikana, nakuuliza kistaarabu, hii ni mara ya mwisho ya ustaarabu."

"Bosi," akasema, anaangalia chini. "Kasema nikifanya hivi siku chache tu, ananipa usimamizi wa zamu. Roza, si kwa ajili yetu? Nitakuoa vizuri!"

"Unioe vizuri halafu nibanike wapi? Kifuani kwako?"

"Biashara ya moshi utaacha, utakaa ndani..."

Wee!

Nilikuwa na ndoo ya maji ya chumvi niliyooshea samaki jana yake. Nikaiinua. Nusu ilifika kwenye moto, nusu ilifika kwa mchumba.

Jirani yangu Bukeyeneza, mama wa Kirundi ambaye tanuri lake linagusana na langu, akatoka na kanga moja kifuani.

"Mana yanje, Mungu wangu! Roza, unamwosha nani?"

"Shemeji yako! Kaja kubanikwa!"

Mpaka jua linatoka, Katonga yote ilikuwa hapo. Elikana kaondoka ananuka samaki na mpira, hata buti moja kaliacha.

Nikajua yameisha. Kumbe bado!

Saa nne, nikamwona mama mkwe anakuja.

Bi Yunisi, mama yake Elikana. Mwanamke mfupi, anatembea haraka, haongei sana. Na yeye zamani alikuwa mbanikaji, siku hizi anapika chakula anawauzia wafanyakazi wa Bomba. Bosi Erasto hali kwa mtu mwingine. Anamwita "mama", anamwamini kuliko mhasibu wake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Hiyo shikamoo iweke. Umemwagia mwanangu maji ya samaki?"

"Mama, alikuwa anachoma tairi kwenye..."

"Nimekuuliza umemwagia au hukumwagia?"

"Nimemwagia."

"Mbele za watu?"

"Watu walikuja wenyewe."

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala. Akainama kwenye tanuri langu, akaokota kipande cha tairi ambacho hakijaungua, akakipangusa, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Akageuka, akaondoka!

Ushahidi wangu huo! Umeondoka na kanga!

"Umeona?" nikamwambia Bukeyeneza, machozi yananilenga. "Damu yake lazima ailinde."

"Mwache aende," akasema Bukeyeneza. "Wewe una mdomo. Huo hawezi kuufunga kwenye kanga."

Nikampigia Yasmini, nikamweleza kila kitu. Akasikitika.

"Dada Roza, mimi nakuamini. Lakini kifaa kinapima moshi, hakisemi moshi wa nani. Matanuri yenu yanawaka, kiwanda kinawaka. Nikipeleka hivi, watabishana mpaka mwakani."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuwakutanishe."

Tukakutana ofisi ya mtaa. Bosi Erasto akaja na gari lake, vioo juu. Yule mtu sijawahi kumwona ameshusha kioo. Gari lina kiyoyozi, ofisi ina kiyoyozi, hewa ya Kigoma anaiona kwa macho tu.

"Vipimo vya wiki iliyopita havifai," akasema. "Kuna watu wanachoma vitu vya ajabu huko kwenye matanuri."

Akaniangalia, akatabasamu. Huyo ndiye aliyemtuma mchumba wangu!

Elikana mwenyewe hakuwepo. Bosi alishampeleka Uvinza "kikazi", upepo upite.

"Tupime upya," bosi akaendelea. "Lakini wiki nachagua mimi."

Yasmini akafikiri. "Sawa. Kwa sharti moja. Kila mtu afanye kazi yake kama kawaida yake. Kiwanda kama kawaida, akina mama kama kawaida."

"Hakuna shida! Mimi nina oda ya sabuni, siwezi kuzima hata dakika."

Siku mbili baadaye akatangaza wiki yake. Inaanza Jumatatu inayofuata.

Nikamtazama Bukeyeneza. Bukeyeneza akatazama vidole vyake vya miguu. Mama mmoja nyuma akaanza kukohoa kikohozi cha uongo, kuficha kicheko.



Wa mikoa ya mbali, acha niwape siri ya ziwa letu. Dagaa na migebuka tunavuliwa... samahani, wanavuliwa kwa taa. Giza likiwepo, mvuvi anawasha taa, samaki wanaifuata. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote limewaka, taa yako nani aifuate? Mitumbwi inapumzika. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Tunaita mbalamwezi.

Bosi Erasto alichagua wiki ya mbalamwezi.

Hakuna samaki. Hakuna kubanika. Matanuri yote ya Katonga... baridi kama kaburi. Na hiyo ndiyo kawaida yetu, sharti tumelishika!

Wiki ile nilisukwa nywele. Nikakarabati chanja zangu za kuanikia. Paka walilala ndani ya tanuri langu, nikawapiga picha.

Na Bomba? Moshi mweusi, asubuhi mpaka jioni. Taa ukutani kwangu nyekundu, juu ya tanuri lenye paka.

Bosi akipita na gari lake ananinyooshea dole gumba kupitia kioo. Namnyooshea na mimi. Tena mawili!

Siku ya majibu, ofisi ya mtaa ilijaa mpaka watu wamekalia ukuta. Akaja afisa wa manispaa, wakaja wavuvi, wakaja wanawake wote.

Bosi akasimama wa kwanza.

"Mnauona huo wekundu? Wiki nzima! Hiyo ni migebuka, ndugu zangu. Naomba matanuri yale yavunjwe, watoto wetu wapumue."

Watoto wetu! Nikamfikiria Happiness usiku anavyotafuta pumzi. Nikanyoosha mkono.

"Bosi, naomba kuuliza. Wiki hii umekula mgebuka?"

Akacheka. "Sikumbuki. Nimekula kuku."

"Wiki nzima kuku?"

"Ndiyo, mama aliniletea kuku tu."

"Hukujiuliza kwa nini, Kigoma hii, mpishi wako akupe kuku wiki nzima?"

Wavuvi wakaanza kucheka chinichini.

Yasmini akawageukia. "Wiki hii nani aliingia ziwani?"

Mzee Bariki, mvuvi wa siku nyingi, akainuka taratibu. "Binti, mwezi ulikuwa kama sahani. Mimi nimelala mpaka mbavu zinauma."

"Na nani alibanika?"

"Paka zangu walikuwemo tanurini," nikasema. "Wote wazima."

Ofisi ikalipuka!

Afisa wa manispaa akamtazama bosi. "Sasa moshi huu wa nani?"

Bosi jasho likamtoka. Akaanza kugeuka huku na huku.

"Lakini niliambiwa! Niliuliza mtu mwenyeji! Niliuliza ni wiki gani akina mama wanakuwepo wengi, nikaambiwa ile ya mwezi mkubwa!"

"Nani alikuambia?"

"Mimi."

Sauti ilitoka mlangoni.

Bi Yunisi! Mama mkwe wangu! Amesimama na hotipoti ya bosi mkononi, kama kila siku saa ya chakula cha mchana.

"Uliniuliza ni lini wanawake wa Katonga wanapatikana wote. Nikakuambia mwezi ukiwa mkubwa. Si hawa hapa? Wamepungua?"

"Mama, ulijua nataka..."

"Kula kwanza mwanangu, kitapoa."

Akaweka hotipoti mezani. Akafunua yeye mwenyewe.

Ndani... kipande cha tairi!

Kile kile. Kilichoondoka na kanga.

"Hiki mwanangu wa kumzaa alikichoma kwenye tanuri la huyu binti," akasema. "Elikana nilimbana nyumbani akasema kimetoka wapi. Wenzake wako stoo kwako, nyuma ya mapipa, nawapita kila siku nikileta chakula. Ofisa, twende nikakuonyeshe. Nimeshiba kunyamaza."

Tukaenda. Mtaa mzima nyuma yake, kama harusi.

Matairi yalikuwepo. Mlima! Na mlango wa tanuri la kiwanda uko wazi, tairi zima linaungua ndani.

Nafupisha. Kiwanda kilizimwa mpaka kirudi kwenye makapi ya mawese na kifunge chujio kwenye bomba. Bosi Erasto akahamishwa, siku anaondoka ndiyo mara ya kwanza akashusha kioo. Alikuwa anauliza njia, barabara ya stendi imefungwa.

Na nisiwe muongo kwenu: mwezi ulipopungua, samaki wakarudi, tukawasha matanuri, taa yangu ikaenda njano. Yasmini akacheka, akaninyooshea kidole. Sehemu yetu ilikuwepo! Basi tumejenga upya, yana dohani ndefu na milango ya kufunga, kuni zinakwenda chache. Siku nyingi sasa naona kijani. Happiness analala chali, anakoroma kama baba yake.

Baada ya mkutano nilimfuata mama mkwe nyumbani kwake.

"Mama, kwa nini siku ile hukuniambia? Nimekuchukia mpaka nimechoka."

"Ningekuambia ungenyamaza?"

Nikafikiri.

"Hapana."

"Ndiyo hivyo. Una moyo mzuri, ila huo mdomo wako, mwanangu, ni redio."

Tukacheka mpaka tukashikana.

Elikana alirudi kutoka Uvinza na wajomba zake wawili na mahari. Ya kweli, kamili. Nikawakaribisha, nikawapa chai. Yeye nikampa ndoo na brashi, akasugue masizi ya tairi kwenye tanuri langu. Alisugua siku nzima. Yalipotoka yote nikamshukuru, nikamrudishia mahari na buti lake.

Harusi hakuna. Lakini mama mkwe ninaye, na kila Jumapili anakula kwangu. Migebuka, siyo kuku!

Wewe unayenisoma hapo ulipo, chukua hili. Mkubwa akikuambia moshi unaokuumiza ni wa kwako, usibishane naye. Zima moto wako siku mbili tatu, kaa kimya, suka nywele. Halafu inua kichwa, uangalie nani bado anafuka.