Naliona

Kila asubuhi Shangazi alipaka viatu vyake mafuta, akajaza chupa ya chai, kisha akaenda kuongoza watembezi mlimani. Siku moja ya likizo hakuwa na wageni, basi akawachukua watoto wa kaka yake: binti wa miaka kumi na mbili, aliyeitwa Chapuchapu kwa haraka zake, na kaka wa binti huyo.

Kufikia saa nne walikuwa wameuacha msitu chini. Huko juu hakukuwa na miti, ila mafungu ya nyasi ngumu na kinamasi cheusi katikati yake. Njia ilionyeshwa na marundo ya mawe.

“Chapuchapu, tangulia,” alisema Shangazi. “Usiondoke kwenye rundo kabla hujaliona la mbele. Ukiliona, sema ‘naliona’. Usipoliona, tunasimama.”

“Hata saa nzima?”

“Hata mbili.”

“Kitendawili,” alisema kaka.

“Tega.”

“Mgeni wangu hana miguu, akiingia nyumba nzima haionekani.”

“Ukungu,” alijibu Shangazi. “Na mgeni wako huyo anakuja.”

Kweli, walipofika rundo la nane, ukungu uliwafunika. Chapuchapu alikodoa macho, hakuona kitu. Baridi iliwauma.

“Chapuchapu gani huyu?” kaka alimtania. “Tukuite Konokono.”

“Naliona,” alisema Chapuchapu, akashika njia.

Alidhani rundo litatokea tu. Halikutokea. Ardhi ilianza kutikisika kama godoro, na ghafla mguu wa kaka ukazama hadi pajani. Alijaribu kuuchomoa, tope likamng’ang’ania. Chapuchapu alikanyaga upande wa kulia, maji; wa kushoto, maji. Weupe uliwazunguka kama kuta nne.

“Usijitikise,” Shangazi alimwambia kaka. “Kwenye rundo ardhi ni ngumu. Nitatangulia huko, nikuvute. Chapuchapu, uliliona upande gani?”

Chapuchapu aliutazama ule weupe. Angenyoosha kidole popote, Shangazi angekwenda.

“Sema basi,” kaka alinong’ona. “Mguu umekufa ganzi.”

“Sikuliona, Shangazi. Nilisema tu.”

Shangazi alitazama chini. “Basi mbele hatuendi. Nyayo zetu bado zipo.”

Alirudi nyuma hatua mbili, akalala kifudifudi juu ya nyasi. “Nishike miguu, usiachie,” alimwambia Chapuchapu, akamshika kaka mikono. Wakavuta, wakapumzika, wakavuta tena. Kaka alitoka bila kiatu. Wakafuata nyayo zao, wameinama, mpaka mkono wa Shangazi ukagusa mawe.

Waliketi hapo, wakinywa chai. Ukungu ulipopungua kidogo upande waliotoka, waliona pale walipokuwa wakielekea: dimbwi jeusi, pana kama uwanja wa shule.

“Kiatu changu kimepata makao,” alisema kaka. Hakuna aliyecheka.

“Mwanangu,” alisema Shangazi, “ungesema hujaona, tungechelewa tu. Uliposema umeona, ulitufungia njia sote. Lakini ulikubali kosa ukiwa umebanwa, na ndipo nikajua pa kupita. Ukweli usikusubiri ubanwe. Haya, tangulia.”

Chapuchapu alisimama, akatazama mbele kwa muda mrefu.

“Bado sijaliona, Shangazi.”

“Vyema,” alisema Shangazi, akamimina chai nyingine.