Minas Kapewa Kumi

Sokoni, mjini Volos, Jumamosi asubuhi, watu wanasukumana. Stathis, dereva wa lori la maziwa, alirudi nyuma kukwepa baiskeli akakanyaga kikapu cha mwanamke. Nyanya zikapasuka. Chini ya nyanya hizo zilikuwamo pistoni nne zilizofungwa kwa gazeti.

"Dada, nyanya zako zimezaa chuma?"

"Zimezaa. Na ole wako uwe umekwaruza hata moja!"

Alivaa ovaroli ya buluu, hereni za dhahabu na rangi nyekundu ya mdomo iliyopakwa kwa makini. Huyo ndiye Argiro, fundi wa injini mwenye karakana karibu na reli. Kufika saa sita Stathis alikuwa amemnunulia nyanya nyingine, kahawa baridi, na amempa simulizi nzima ya gari lake. Lilikuwa gari kuukuu jekundu, alilotaka kulifunga turbo apande nalo mbio za mlimani.

Miezi michache baadaye gari lilikuwa karakanani, na mapenzi yalikuwa yameshachanganya. Kila siku simu.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi la chuma. Njoo na samaki."

Ubishi ulikuja pale Argiro alipochagua mgandamizo wa injini, yaani silinda ibane hewa mara ngapi.

"Nane na nusu kwa moja," alisema.

"Nane na nusu? Hiyo si injini ya bibi yangu?"

"Sikiliza, mpenzi. Turbo inapuliza hewa ambayo imeshabanwa. Silinda nayo ikiibana kupita kiasi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Injini inagonga, pistoni inatoboka. Na wewe unajaza petroli ileile ya kila mtu, tena Julai, tena mlimani."

Stathis alikubali. Basi yangeishia hapo, kama si siku ya jina la Argiro, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, tarehe mosi Julai. Siku hiyo mlango huwa wazi, anayekuja haalikwi. Stathis analijua hilo tangu utotoni. Lakini alipoingia na boksi lake la keki akamkuta Minas kwenye kochi, shati jeupe, marashi mpaka barabarani, akili zikamruka. Minas ndiye mshindi wa mlimani mwaka jana.

"Argiro kaniwekea kumi kwa moja," Minas alikuwa akiwasimulia wageni. "Mikono ya dhahabu hiyo!"

Yeye kumi, mimi nane na nusu! Stathis aliweka keki mezani, akaaga kwa kisingizio cha maziwa. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na huyu bwana chakula kilimshinda wiki nzima. Kumbe Minas hatumii petroli, anatumia spiriti ya mbio, inayostahimili kubanwa. Angeuliza angejibiwa. Hakuuliza. Gari lilipokamilika alilichukua, akanunua gasketi nyembamba ya kukaa juu ya silinda, akaifunga mwenyewe ili nafasi ya hewa ipungue na mgandamizo upande.

Jumapili akampigia Argiro simu akilijaribu gari mlimani, simu imelala kwenye kiti, kioo wazi.

"Sikia, fundi wa Minas! Sikia injini inavyolia sasa!"

Argiro alisikia mlio wa turbo, na ndani yake kitu kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo.

"Inagonga! Stathis, zima!"

"Nizime ili yeye ashinde?"

"Zima, nakuomba! Sitaki kukuokota bondeni!"

Sauti ilikatika kwa kilio. Stathis hakuwahi kumsikia akilia. Akazima.

Jioni, karakanani, Argiro alifungua injini. Pembeni mwa pistoni ya pili chuma kilikuwa kimedonolewa vishimo vishimo. Haikuwa imetoboka.

"Minas anatumia spiriti," alisema, mgongo umemgeukia. "Na Minas akivunja injini nitasikitikia kazi yangu. Wewe je? Nitabaki na nini mimi?"

"Nilikuonea wivu. Nilidhani yeye umempa kingi, mimi umenipunja."

"Nilikupa cha kukurudisha nyumbani, mjinga wewe."

Stathis alitaka kumshika mkono. Argiro aliinua gasketi kwenye mwanga.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa Lena. Kwenye duka lake la vipuri."

"Lena wa kucha ndefu? Na ulifungaje peke yako?"

"Alinishikia taa tu."

"Alikushikia taa!" Spana iligonga meza. "Injini yangu mimi, Lena anaimulika? Alisimama upande gani? Karibu?"

"Argiro..."

"Nyamaza! Inarudi nane na nusu. Na huyo Lena asiguse gari hili mpaka tuoane!"

Masikio yalimwiva Argiro.

"Mpaka tuoane?" Stathis aliuliza polepole.

"Na baada ya hapo ndiyo asiliguse kabisa," alisema, akampa taa aishike yeye.