Aliyekaa Nyuma ya Muyisa

Jumamosi ile Vulamba, mtaa wa mji wa Butembo, iliamka kama Jumamosi zote. Kengele ya misa ya asubuhi ilikuwa imekwisha kulia, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, na kwenye njia panda madereva wa pikipiki walikaa juu ya viti vya pikipiki zao wakingoja wateja ambao hawakuwa na haraka ya kutoka nyumbani. Wateja wakikosekana, watu wa kazi ile huzungumzia pikipiki, kama vile wakulima wanavyozungumzia mvua.

“Mimi nilianzaka na ile ya bluu ya Kichina,” alisema Abdias. “Ilikuwa kama mutu wa kwaya mwenye hana sauti: anapiga makelele kushinda wote. Hii ya sasa haisemi mingi. Inakunywa kidogo, inapanda mulima wa Kabasha na mifuko mbili ya viazi, na hailalamike.”

“Uongo!” alisema Aruna. “Juzi tulikuona unaisukuma.”

“Ilikosa mafuta. Hata weye, bila ugali, tutakusukuma.”

Walicheka. Aruna alikuwa Mwislamu wa Beni aliyeoa Butembo, mtu wa maneno mengi. “Moto ya kweli ni ile pikipiki AG ya mapadri,” alisema. “Niliiendesha mwaka muzima, mimi Mwislamu, padri nyuma yangu. Ile ilikuwa mbuzi ya mulima. Tangu pale, naona hizi zenu zote ni baiskeli.” Kisha akamgeukia aliyekuwa kimya. “Na weye, Muyisa? Yako mupya ikoje?”

“Haiko mupya.”

“Donc, ikoje?”

“Iko muzuri.”

“Eh! Unasema ‘muzuri’ kama mutu anasalimia mukwe wake. Lete, niipime.”

Muyisa alisita, akampa ufunguo. Pikipiki ile aliitoa Beni wiki chache kabla, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Ilikuwa nyekundu, na mahali pa jina kwenye tangi palikuwa pamekwanguliwa na msumari hadi chuma kikaonekana.

Aruna aliondoka kwa mbwembwe, akazunguka kwenye bomba la maji, akarudi polepole. Polepole sana, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alizima injini lakini hakushuka.

“Iko muzito nyuma,” alisema.

“Huna mutu nyuma,” alisema Abdias.

“Ndiyo. Na kwa kila shimo alikuwa anajiinua kidogo.” Aruna alilamba midomo. “Mama yangu alikuwa anafanya vile. Mugongo ilikuwa inamuuma.”

Mama yake Aruna walimzika mwaka ule wa Ebola.

Abdias alicheka peke yake, akaipanda ili amuaibishe mwenzake. Akaenda, akarudi, akaisimamisha, akaenda kuketi kwenye pikipiki yake bila kumtazama mtu. “Haiko muzito,” alisema baada ya muda. “Ni mutu mukonda. Kwenye kona anaegemea kulia, wakati kona iko kushoto.” Akafuta uso kwa kiganja. Hakusema ni nani, na hawakumuuliza. Pale njia panda hapakuwa na mtu asiye na watu wake chini ya udongo.

Aruna alimsogelea Muyisa, akamnong’oneza. “Yaya, kaka yangu, hii hapana moto. Hii ni matanga yenye iko na magurudumu. Uirudishe.”

“Iko muzuri,” alisema Muyisa.

Hakuna jambo waliloligundua asubuhi ile ambalo yeye hakulijua. Alilijua tangu siku ya kwanza, alipokuwa akiitoa Beni peke yake. Alipokwisha kupita Kabasha, springi za nyuma zilishuka, taratibu, na mkono ukakaa chini ya mbavu zake za kushoto. Mkono wa Virginie. Hakuna mwanamke mwingine aliyemshika pale. Alitazama kwenye kioo, akaona barabara tupu. Aligeuza kichwa, na uzito ukaondoka. Alipoacha kugeuka, ukarudi.

Virginie, mke wake, alikwenda shamba huko Mbau, kaskazini mwa Beni, miaka mitano iliyopita, na waliokwenda shamba siku ile hawakurudi: waasi waliwaua. Walizikwa palepale kwa haraka, watu wengi pamoja, barabara imefungwa. Muyisa hakuuona uso wake, hakutupa hata konzi moja ya udongo. Alibaki Butembo na binti yao Eliane, aliyekuwa bado anajifunza kuzungumza. Tangu hapo alichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Kwa hiyo hakumuuliza padri. Alijua padri angejibu nini. Kila jioni alisali rozari kwa ajili ya marehemu wote wa familia, ila jina la Virginie aliliruka, maana mtu hamwombei pumziko aliye mgongoni mwake. Na barabarani alijifunza kutogeuka kabisa.

Hilo halikuwa gumu. Dereva wa pikipiki haangalii nyuma. Mteja akipanda, springi zinashuka, kiti kinamwambia, naye anatia gia na kuondoka. Wote hufanya hivyo. Hakuna anayegeuka kuhakikisha ni nani.

Shule zilipofungwa, Muyisa alipanga kumpeleka Eliane Beni, kwa mama yake Virginie, Rébecca, ambaye mtoto alimwita Tate. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na ukungu. Alipiga kiki nje ya mlango huku ameweka begi la mtoto juu ya tangi.

“Panda, mama,” alisema. Ndivyo alivyomwita binti yake.

Springi zikashuka kidogo. Uzito wa mtoto. Mikono midogo ikashika koti lake. Akatia gia.

Njiani alimsemesha. Alimwonyesha mahali lori lilipoangukia, akamwambia Tate amepika maharage. Mtoto hakujibu, bali alimgonga mgongoni kwa kidole kila alipomaliza kusema, na Muyisa akaona ni mchezo. Kwenye kizuizi cha Maboya abiria wote hushuka na kuvuka kwa miguu. Askari alitazama nyuma yake, akalegeza uso, akanyanyua kamba. “Leka, papa,” alisema kwa Kilingala. “Mwana alali.” Pita, mtoto amelala.

Walipopita Kabasha springi zilishuka tena. Sasa ule uzito mwingine, mkubwa, nyuma ya mdogo. Na mkono ukamfikia pale chini ya mbavu.

Mvua ikawa kubwa. Muyisa alilia kwa furaha ndani ya mvua. Hawajawahi kusafiri hivi, alifikiri. Watatu.

Rébecca aliisikia pikipiki, akatoka mlangoni na kitenge kichwani, akitabasamu. Kisha tabasamu likaanguka.

“Eliane iko wapi?”

Muyisa akageuka.

Hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa inapiga kiti kizima, lakini kiti kilikuwa kikavu mahali pawili. Mahali padogo, mbele. Mahali pakubwa, nyuma yake. Matone yakaanza kuanguka pale. Pakalowa. Pakapotea.

Alifikiri mtoto ameanguka njiani. Aliruka, akapiga kelele, akataka kurudi barabarani, naye Rébecca akamshika kwa nguvu huku simu ikilia mfukoni mwa Muyisa. Alikuwa Jemima, jirani wa Vulamba.

“Papa Eliane,” alisema Jemima. “Kwani ulisahau mutoto?”

Muyisa aliziba sikio la pili kwa kiganja ili asikie.

“Iko hapa. Amekaa kwa mulango tangu asubuyi. Hataki kuingia kwangu, hataki chai.” Jemima akashusha sauti. “Na kuko mutu alianza kumusuka nywele. Nusu ya kichwa. Namuuliza ni nani, anasema ni mama yake. Anasema mama alikufuata, akamuambia angojee palepale. Atarudi leo kumumaliza upande wa pili, na kumubeba.”

“Mufungie ndani,” alisema Muyisa. “Umukamate mukono. Usimuache.”

Rébecca alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye kizingiti, mvua ikimpiga miguuni. “Ni wawili walikuja na weye?”

“Mudogo mbele. Mama yake nyuma.”

Mwanamke yule mzee alifunika mdomo. “Alikuwa na mimba, mwanangu,” alinong’ona. “Miezi mitatu. Alisema atakuambia kwa Noeli. Mimi nami, baada ya yote, nikaona nikuache na huzuni moja.”

Muyisa aliegemea ukuta wa udongo. Kwa muda alisikia maji tu, yakishuka kutoka kwenye bati.

“Iache hiyo moto hapa,” alisema Rébecca. “Tutaita padri, aimwagie maji ya baraka.”

Muyisa aliifikiria. Pikipiki ikiachwa, mtu mwingine ataipanda. Na yule aliyeahidi kurudi Vulamba atapata wa kumrudisha. Hakuna dereva anayegeuka.

“Amekuwa mgongoni mwangu,” alisema. “Ni mimi nitamushusha.”

Akapanda. Akapiga kiki. Akatazama mbele, akasema kwa upole, kama zamani, “Panda, mama Eliane. Twende nyumbani.”

Springi zikashuka. Kisha zikashuka tena.

Alikwenda polepole hadi katikati ya mji. Mkono ulikaa chini ya mbavu, umetulia, wenye imani. Penye njia ya kurudi Butembo hakukata kona. Aliendelea, kuelekea Oicha. Kuelekea Mbau.

Mkono ukakaza.

Alipita nyumba za mwisho. Kucha zikapenya koti. Alipumua kwa shida. Mikono midogo ikaanza kumpiga mgongoni, ngumi ndogo ndogo, kama mtoto anayepelekwa asikotaka. Alianza rozari kwa sauti. Mafumbo ya uchungu. Alisahau maneno, akarudia, akasahau tena. Hakugeuka.

Wenyeji wa Mbau walimwonyesha kwa mkono tu, bila kusogea. Makaburi yalikuwa mwisho wa njia nyembamba, chini ya mikakao. Misalaba ya miti, mingine imelala. Alizima injini. Mvua ilikuwa imekatika. Hakuna ndege aliyelia.

“Shuka, mama Eliane,” alisema. “Tumefika.”

Hakuna kilichotikisika.

“Nilikukawiza mimi. Sikukuaga, nikaona nikubebe. Sasa niko nakuaga.” Akavua kofia. “Raha ya milele umpe Virginie, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.”

Kucha zilitoka mbavuni, moja moja. Springi zikapanda. Nyasi zikalala, kama zinakanyagwa, mpaka kwenye msalaba wa tatu. Pale zikaacha kulala.

Lakini springi hazikupanda hadi mwisho. Mdogo alibaki, ameshika koti.

“Na weye, mwanangu,” alisema Muyisa. “Enda kwa mama.” Alitaka kumwita jina, lakini hakuwa na jina la kumwita. Alimwombea hivyo hivyo, bila jina. Vidole havikuachia. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mikakao, na baada ya saa fulani askari wangefunga barabara. Eliane alikuwa Vulamba.

Akafungua vifungo vya koti. Akatoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Akateleza mbele juu ya tangi na kushuka, taratibu, kama mzazi anayemtoka mtoto aliyelala.

Koti halikuanguka. Lilibaki limesimama juu ya kiti, wazi, mgongo wake umevutwa nyuma kwa konzi mbili ndogo.

Aliondoka kwa miguu, shati limelowa, ufunguo ameuacha mahali pake. Alipofika barabarani alisimamisha kijana wa pikipiki wa Mbau aliyekuwa akishuka Beni. Huyo alimtazama.

“Yaya, moto yako iko wapi?”

“Haikuwa yangu.”

Kabla kijana hajatia gia, Muyisa alimgusa bega. “Geuka,” alisema. “Uangalie kama ni mimi tu.”

Aliingia Vulamba kesho yake asubuhi. Jemima alikuwa hajalala, bado ameshika mkono wa mtoto. Usiku hakubisha mtu. Nusu ya kichwa cha Eliane ilikuwa imesukwa mistari myembamba iliyonyooka, na nusu nyingine nywele zilikuwa wazi.

Muyisa aliomba kitana na beseni la maji. Alimweka binti yake katikati ya magoti yake, na kwa vidole vyeusi vya grisi akaanza kufumua.

“Papa, usifungue,” alisema Eliane, akilia. “Papa, atakuta haiko.”

“Najua, mama.”

Alifumua yote. Ndani ya kila msuko mlikuwa na udongo, laini, mweusi, wenye vizizi. Si udongo wa Butembo, ambao ni mwekundu. Walimwosha hadi maji yakatoka safi, kisha Jemima akamwaga beseni nyuma ya ukuta, akafanya ishara ya msalaba.

Aruna alimtafutia Muyisa pikipiki nyingine, ya Kihindi. Wenzake wakimuuliza ikoje, anasema inakohoa asubuhi na kiti chake ni kigumu, na wao wanafurahi kumsikia akilalamika. Kabla ya kuondoka na mteja hugeuka mwili mzima, akamtazama usoni. Jina la Virginie analitaja kila jioni. Halafu hunyamaza kidogo, pale ambapo lingekuwa jina la pili.

Nyuma ya ukuta, maji yale yalipomwagwa, umeota mkakao. Butembo ni baridi. Mkakao haustahimili huku, na watu wa kilimo waliokuja kuutazama waliandika vipimo vyake, wakaondoka. Haukui. Haufi. Una majani mawili, moja kubwa na moja dogo. Na katika siku za kiangazi, vumbi likiwa limefunika barabara nzima, Jemima huyakuta yote mawili yamelowa, kama yametoka mvuani.